Mwaka Niliomnyonyesha Mgeni

Mwanamke aliyeingia uani kwangu Rusimbi mchana ule wa Ijumaa alikuwa mrefu, kitenge kakifunga kwa namna ya watu wa ng'ambo, na nilipoitikia shikamoo yake nilimwonyesha kwa mkono nyumba ya jirani, kwa kuwa wageni wengi wanaotoka Kongo huwa wanamtafuta yeye, fundi cherehani. Hakwenda. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu kama mtoto wa nyumba ile, akasema jina lake ni Sifa, ila huku zamani tulimwita Mgeni. Mwanangu Shabani, aliyekuwa ametoka msikitini na kupita kwangu kula, alisimamisha tonge mkononi. Tangu utoto wake alikuwa anaambiwa kwamba ana dada wa kunyonya upande wa pili wa ziwa, lakini aliambiwa kama mtoto anavyoambiwa habari za babu aliyekufa zamani. Yule binti akaendelea kwa sauti ya chini kwamba mama yake, Esperansi, amefariki, wamemzika kwao karibu na mji wa Baraka, na kwamba kabla ya kukata roho alimwachia agizo. "Alisema niende kwa mama yangu wa Ujiji, nimuulize namna nilivyokua," alisema. "Yeye mwenyewe alitaka kuuliza miaka yote, akashindwa." Nilianza kumsimulia hata kabla sijamkaribisha maji ya kunywa.

Mwaka ule watu wa ng'ambo walivuka ziwa kwa chochote kinachoelea. Mimi nilikuwa naanika dagaa Kibirizi, mwanamke kijana mwenye mtoto wa kwanza mgongoni, na mume wangu Ramadhani alikuwa fundi wa mitumbwi palepale ufukweni. Asubuhi tulikuwa tunafika na kukuta watu wamelala mchangani katikati ya nyavu, wengine wamekaa tu wanatazama walikotoka. Siku moja akatokea mama mmoja mzee aliyebeba kichanga ndani ya kitenge kilicholowa. Alipita mbele ya wanawake kadhaa bila kusimama, akaja kwangu, akatazama kifua changu kabla hajanitazama usoni. Maziwa ya Shabani yalikuwa yamelowesha blauzi. Akasema mtoto si wake wala si mjukuu wake. Mtumbwi ulikuwa umejaa, mwenye mtumbwi ameshaanza kuusukuma majini, mwanamke mmoja akamrushia mtoto mapajani akisema anakuja na mtumbwi unaofuata. Ule unaofuata walikuwa wameungoja tangu jana yake, haukuja. Mzee huyu alikuwa na homa, na magari ya kuwapeleka kambini yalikuwa yameshaanza kupakia watu. Nikampokea mtoto. Nilidhani nampokea kwa muda wa kumnyonyesha tu, ashibe, nimrudishe. Nilipoinua uso, yule mama alikuwa anapandishwa kwenye gari, na gari likashika barabara ya Kidahwe.

Ramadhani alirudi jioni akakuta watoto wawili kitandani, mmoja huku na mwingine kule, akasimama mlangoni na msumeno wake. Hakugomba. Aliuliza kama mtoto anaumwa, kwa sababu hakuwa analia. Ndivyo alivyokuwa. Shabani alilia akilowa, alilia akisikia adhana, alilia mbuzi wa jirani akilia. Yule wa kike, aliyekuwa na umri kama wa Shabani au mdogo kwake kidogo, alikuwa anafumbua macho tu na kutazama dari. Balozi wetu wa nyumba kumi alisema akae kwetu, akitokea mwenyewe atapewa. Ramadhani akanionya nisimpe jina. Alisema mtoto huyo ameshazaliwa na ameshapewa jina, kumpa lingine ni kumwombea mama yake afe. Basi tukawa tunasema mgeni kala, mgeni kalala, mgeni kajinyea, hadi siku moja Ramadhani mwenyewe aliita kutoka uani, "Mgeni kaamka?" kama mtu anayeita binti yake, na tangu hapo likawa jina.

Niligawa maziwa. Titi la kulia lilikuwa la Shabani, la kushoto la Mgeni, na sikuwachanganya, sijui kwa nini, nilijiwekea tu sheria hiyo. Nilikula kuliko mwanamume. Ramadhani alikuwa anakuja na samaki wa ziwani, migebuka, tunaipika kwa mawese, na ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, nami nakula huku mmoja ananing'inia huku na mwingine kule, jasho linanitiririka. Jirani yangu, Mama Mwavita, Mungu amrehemu, alizoea kukaa kizingitini akichambua mchele na kunitazama. Siku moja nilimsikia anamwambia mwenzake ng'ambo ya ua, hakujua niko chooni, kwamba Tatu, ndiyo mimi, analisha mtoto wa mtu na kumkondesha wa kwake. Nilitoka nikiwa nimekasirika, nikampima Shabani kwa macho, nikaona amenona tele, nikacheka. Sasa mimi ni mzee na nayapima maneno yale upya. Hakuwa amekosea sana, ila alichopatia si kile alichodhani.

Wiki kadhaa zilipita ndipo Mgeni alipolia. Ilikuwa adhuhuri, mvua inanyesha juu ya bati, nami nilikuwa nimemlaza ili nikaokote dagaa nilizoanika uani zisilowe. Nilisikia sauti nisiyoijua. Nilikimbia ndani nikamkuta amekunja uso, mdomo wazi, analia kama watoto wote wa dunia, na machozi yanamwingia masikioni. Sikumbembeleza haraka. Nilipiga magoti nikamsikiliza. Mama Mwavita naye alikuja na mvua yake, akasimama mlangoni, akasema, "Alhamdulillahi, amefika." Dagaa zangu zililowa zote siku hiyo, na Ramadhani aliponiuliza kulikoni, nilimwambia Mgeni amelia, naye akasema ungeniita.

Namkumbuka alivyoota jino la kwanza, la chini upande wa kushoto, nililigundua kwa uchungu kwenye titi. Namkumbuka alivyokaa, alivyojisukuma kinyumenyume kabla ya kujua kutambaa, akawa anakwenda mbali na kitu anachokitaka, analalamika. Namkumbuka alivyokuwa anakula uji wa mtama: kijiko cha kwanza anakitema, anakitazama kinavyoanguka, kisha ndipo anakubali. Neno lake la kwanza halikuwa mama. Kibirizi kutwa nzima nilikuwa nafukuza kunguru na mbuzi kwenye dagaa nikisema toka, toka, na siku moja, akiwa amekaa chini ya kivuli cha mtumbwi, alimnyooshea kunguru mkono na kusema, "Toka." Kunguru akaruka. Wachuuzi walicheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia siku hiyo alimwambia toka kila kilichomkera, hata jua likimpiga machoni.

Na namkumbuka alivyotembea. Lilikuwa jua kali baada ya msimu wa mvua, ufuko umejaa dagaa zilizotandazwa mchangani hadi karibu na maji, zinang'aa kiasi cha kuumiza macho. Nilikuwa nimemsimamisha ashike ukingo wa mtumbwi ambao Ramadhani alikuwa anauziba kwa pamba na lami. Ramadhani alikuwa upande wa pili, amechuchumaa, hana habari. Mgeni akaachia. Akaenda hatua za mlevi, mikono juu, moja kwa moja juu ya dagaa za watu, anazikanyaga, zinamnata nyayoni. Mwenye dagaa alifungua mdomo agombe, akaufunga. Mpagazi mmoja alikuwa anapita na gunia kichwani. Alisimama na mzigo wake, shingo imekaza, akangoja mtoto apite kwanza. Mgeni alimfikia Ramadhani na kumshika bega, na mume wangu alibaki amechuchumaa vilevile, mikono ameinyoosha pembeni kwa sababu ilikuwa na lami na hakutaka kumshika. Alimlazia shavu kichwani tu. Nikaona mabega yake yanatikisika. Hakuwahi kulia mbele yangu kabla ya hapo.

Baada ya siku hiyo sikumsikia tena akisema habari za mama wa mtoto. Mimi nilikuwa nazisema kila mara. Kila mtumbwi ulioingia nilikuwa nawauliza watu kama kuna mwanamke aliyepoteza mtoto ufukweni mwa ng'ambo, nao walinijibu kwamba wako wengi. Niliuliza kwa moyo mmoja, na kwa moyo mwingine nilifurahi kujibiwa hivyo. Kwa ajili hiyo nilimtazama Mgeni kama mtu anavyotazama njia ambayo hatapita tena. Alipopiga chafya nilijua. Alipojifunza kupiga makofi, kunyonya kidole cha pili badala ya gumba, kujificha nyuma ya pazia akidhani miguu haionekani, niliviweka vyote moyoni, kimoja kimoja, nikijua nitakuja kudaiwa.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha nilikuwa naosha vyombo uani asubuhi, nikamsikia Ramadhani barazani anazungumza na rafiki yake, fundi mwenzake. Yule rafiki alikuwa anamwambia kwamba Mpanda kuna kazi ya mbao, kuna vyumba, na hakuna mtu atakayemuuliza mtoto huyu katoka wapi. Ramadhani akamwuliza safari inachukua muda gani kwa watu wenye watoto wadogo. Niliacha sufuria. Rafiki yake alipoondoka nilimfuata Ramadhani barazani nikamwuliza kuna nini. Alitazama njia aliyopita rafiki yake. Kisha akaniambia kwamba kuna mwanamke ameonekana Kibirizi, mwembamba, anakwenda mtumbwi kwa mtumbwi. Alikuwa ameachwa ufukweni siku ile, askari walipofika akakimbilia porini, akavuka miezi mingi baadaye, akaingia kambini, akatafuta hema kwa hema mpaka akampata yule mama mzee. Mzee alikumbuka kitu kimoja tu: mwanamke anayeanika dagaa, mwenye mtoto mgongoni.

"Tuondoke kesho," Ramadhani alisema. "Shabani na Mgeni ni ndugu sasa. Umewanyonyesha wewe. Utawatenganisha?"

Nilimwuliza, "Akifika hapa akakuta mlango umefungwa, ataenda kutafuta wapi tena?"

Aliingia ndani, akakaa kitandani, Mgeni akamjia na kumpandia miguuni, naye akamshika kwa nguvu hivi kwamba mtoto akamwambia toka. Nilijifunga khanga, nikaenda Kibirizi mwenyewe kumtafuta yule mwanamke. Nimeulizwa na watu, nami nimejiuliza, kama ningekuwa na moyo huo leo. Nikiwa mkweli, sikwenda kwa wema. Nilikwenda upesi kwa sababu nilijua nikingoja hadi mchana nitakuwa nafunga mizigo.

Esperansi alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na maji, miguu imepasuka, umri wake kama wangu. Hatukusalimiana. Nilimwambia twende. Njia nzima hakuniuliza kitu, alikuwa anapumua tu kama mtu anayepanda mlima. Tulipofika, watoto wote wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanagombania kifuniko cha sufuria, naye akasimama anawatazama, mmoja, mwingine. Nilitambua kwamba hakuwa na hakika. Alikuwa amemwacha mtoto wa kubebwa kama mkate, sasa ana mbele yake mtu mwenye meno na nywele zilizosukwa. Akaita, "Sifa." Hakuna aliyegeuka. Akaita tena. Mimi, bila kufikiri, nikasema, "Mgeni," na mtoto akainua uso akanicheka. Hivyo ndivyo mama yake alivyomjua. Alimwendea kwa magoti, na Mgeni akamnyooshea mkono, akamwambia, "Toka."

Alikaa nasi siku kadhaa ili mtoto amzoee. Tulimpa mkeka chumbani mwetu, na Ramadhani akalala barazani. Siku ya kwanza mtoto alimkimbia, ya pili alipokea ndizi mkononi mwake kisha akamkimbia. Esperansi hakulalamika. Alikuwa anamkalia mbali kidogo, akichambua sombe au kupepeta unga, akimwimbia kwa lugha ya kwao kwa sauti ndogo bila kumtazama, na nikaona mtoto anapunguza kucheza anaposikia. Siku moja wakati wa chakula, Ramadhani hayupo, nilianza kumweleza. Nilidhani namfanyia hisani. Nilisema, siku aliyoanza kutembea tulikuwa Kibirizi. Esperansi aliweka tonge chini.

"Mama Shabani, usiniambie," alisema. "Mimi sina nguvu ya kusikia. Ukiniambia, nitajua vyote nilivyokosa. Niache nifikiri alikuwa amelala tu."

Akasema siku atakapoweza atakuja mwenyewe kuniuliza. Nikamwambia nitamngoja. Tulimaliza kula, tukaosha vyombo pamoja. Yale ninayoyajutia mengi yako palepale, kwenye ile sinia. Nilimtii. Ningeweza kumwambia kidogo, jambo dogo tu, habari ya uji au ya kunguru, akaondoka na kitu cha kuanzia. Ningeweza baadaye, miaka waliyokuwa kambini upande wa Kasulu, kupanda gari nikamfuata. Lakini niliona kumfuata ni kama kudai, na yeye bila shaka aliona kuja ni kama kukiri kwamba kuna deni. Wanawake wawili tulioheshimiana tukakaa kimya, mmoja huku mmoja kule, kila mmoja ana nusu ya mtoto, hadi waliporudi kwao na ziwa likawa katikati.

Walipoondoka, Ramadhani alikwenda kazini kabla hawajaamka. Sikumlaumu. Lakini naye hakunisamehe haraka. Kwa muda mrefu alikuwa anakula bila kuniambia chakula ni kizuri au kibaya, na jina la Mgeni halikutajwa mbele yake, wala hatukupata mtoto mwingine. Mwaka alioumwa ule ugonjwa uliomchukua, nilikuwa namnywesha uji akaniuliza ghafla kama nadhani ameolewa. Sikuuliza nani. Nilimwambia inshallah ameolewa na mtu mzuri. Akasema, "Ulifanya vizuri kwenda kumwita yule mama," kisha akaufumba mdomo, hakutaka uji tena. Miaka yote ile niliyangoja maneno hayo, na yalipokuja nilitamani angeyabakiza, maana nilijua anaaga.

Haya yote nilimsimulia Sifa mchana ule, kwa urefu kuliko hapa, naye alisikiliza amekumbatia magoti, wakati mwingine anacheka, hasa habari ya kunguru. Alitaka kujua jino lilikuwa lipi. Alitaka kujua mpagazi alikuwa amebeba nini kwenye gunia, nikamwambia chumvi, na nilikuwa nakumbuka kweli. Wali wa Shabani ulipoa kwenye sinia. Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili nilipomaliza. Kisha mwanangu, mwanamume mwenye watoto wake, mpole, asiyependa maswali, akaniuliza:

"Na mimi, mama, nilianza kutembea lini?"

Nilifungua mdomo nikitarajia jibu litakuja lenyewe. Halikuja. Nilitafuta jino lake, sikuliona. Nilitafuta neno lake la kwanza. Nilijua alikuwepo, kulia kwangu, kila siku ya mwaka ule, ananyonya, anakua, na bila shaka siku moja aliachia kitu alichokishika akatembea, mbele ya macho yangu, nami nilikuwa natazama kushoto. Sikuwa na haraka naye. Nilijua yeye ni wangu na kesho atakuwepo. Nikamwambia sikumbuki. Akacheka, akasema si kitu, muhimu natembea, akainuka kumtafutia dada yake maji. Alicheka vizuri, lakini alitugeuzia mgongo upesi kidogo.

Nikamwita arudi akae. Nikamwambia kuna kimoja ninachokikumbuka chake, na sijawahi kumwambia mtu. Siku waliyoondoka, niliporudi ndani kutoka kuwasindikiza, nilimkuta yuko peke yake chumbani. Alikuwa anatembea, kwa hiyo alikuwa ameshajua. Alifunua pazia, akatazama nyuma yake. Akaenda mlangoni, akarudi. Kisha akapiga magoti, akaweka shavu sakafuni, akachungulia uvunguni mwa kitanda, na akakaa hivyo muda mrefu, akinyamaza kama anamsubiri mtu amalize kujificha. Mimi nilisimama mlangoni nikimlilia mtoto mwingine.

Sifa akasogea kwenye mkeka, akamshika Shabani mkono.